Fundi simu wa Nambis na sauti ya babu iliyokwama kwenye Tecno

Wale wa Samsung Galaxy Y mpo? Basi hii ni ya kwenu. Ile simu ilitoka mwaka 2011, kioo kidogo, Android 2.3, na nafasi ya kuweka programu haikufika hata MB 200. Ukishaweka WhatsApp na Facebook inaanza kulia: nafasi haitoshi. Unafuta Facebook uweke gemu, kesho unafuta gemu urudishe Facebook. Watu waliishi hivyo mwaka mzima na wala hawakulalamika, maana kuwa na tachi tu kitaani ilikuwa sifa tosha.

Sasa kuna dogo mmoja wa Nambis, Mbulu, aliyekataa kuishi hivyo. Jina lake halitatajwa hapa, wala la mtu mwingine yeyote wa kisa hiki, maana kule watu wanajuana hadi mbwa wa jirani, na kuna wateja wawili watatu ambao mpaka leo hawajamsamehe.

Kwa wasiopajua, Nambis iko juu kwenye baridi ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Mwezi wa saba mtu anatembea na koti mchana kweupe. Watu wanalima mahindi, maharage na kitunguu swaumu, wanafuga ng'ombe, na wengi wao ni Wairaqw, wale ambao mjini mnawaita tu Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu kabisa, ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali, kwa hiyo usijaribu kubahatisha ukifika. Lugha hiyo ishike vizuri kichwani, itahitajika mbele.

Dogo alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, akabaki nyumbani. Mwaka 2012 akauza swaumu zake mwenyewe za shamba dogo alilopewa na mama, akashuka Arusha, akarudi na Huawei Ideos. Mama akaiangalia ile simu, akauliza, "Hii ndiyo hela ya mbegu?" Dogo akasema, "Mama, hii ni kompyuta." Mama akasema sawa, ipeleke ikalime.

Ideos ina historia yake nzuri tu. Ilitoka mwaka 2010, na mapema mwaka 2011 Safaricom wakaanza kuiuza Kenya kwa bei ya kama dola 80. Kabla ya hapo Android ilikuwa simu ya bosi. Ideos ndiyo iliyoiingiza mfukoni mwa mwanafunzi, konda na muuza duka. Zikatembea. Hii ya dogo ilishapita kwa watu wawili kabla yake, mfuniko wa nyuma haukuwa wake, na betri ilikuwa inashikiliwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Prosesa ya MHz 528, RAM ya MB 256. Mdau, leo kuna saa za mkononi zinaicheka.

Tatizo likawa lile lile. Nafasi haitoshi. Android 2.2 ilikuja na njia yake ya kuhamishia programu kwenye memori kadi, lakini si kila programu ilikubali, na hata iliyokubali iliacha mzigo wake nyuma. Dogo akawa anafuta na kurudisha, anafuta na kurudisha, mpaka siku moja kwenye intaneti kafe ya Mbulu mjini jamaa wa pembeni akamwambia neno moja: iruti.

Kuruti, si kuruta wa JKT. Iko hivi. Ukinunua simu unadhani ni yako, lakini ndani yake wewe ni mpangaji. Umepewa chumba, unaweza kubadilisha pazia, ila ukuta huruhusiwi kugusa. Zile programu za kampuni zilizokuja na simu, ambazo hujawahi kuzifungua hata siku moja, huwezi kuzitoa. Kuruti ni kupata ufunguo wa mwenye nyumba. Programu kama z4root na SuperOneClick zilikuwa zinatembea kwenye flashi za mafundi kama nyimbo za sebene. Unabonyeza, unasubiri, simu inajizima na kuwaka, na kuanzia hapo unaamua wewe.

Cha kwanza alichoamua dogo ni Link2SD. Hii nayo ilikuwa akili ya ajabu. Unaigawa kadi sehemu mbili, moja ya picha na muziki, nyingine ya programu. Link2SD inahamisha programu kwenye ile sehemu ya pili, halafu inaacha kiungo pale ilipokuwa, simu ikichungulia inadhani vitu vyote bado vipo ndani. Danganya toto. Ile Ideos ambayo ilikuwa inakataa programu ya tano ikabeba thelathini. Ikawa nzito, kweli, ukibonyeza meseji unaweza kwenda kumfunga ndama ukarudi ndipo inafunguka, lakini ilibeba.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomwingia. Maana wanaojua wanajua, ukishaonja ufunguo wa mwenye nyumba hutosheki na chumba kimoja, unataka kubomoa nyumba yote ujenge nyingine. Hiyo ndiyo kuflashi romu.

Duniani huko mchezo huu ulikuwa umeshakolea. Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni mwaka 2008, na mwaka uliofuata tu jamaa mmoja Mmarekani, Steve Kondik, anayejiita Cyanogen, akawa anatoa Android yake aliyoifanyia marekebisho mwenyewe, CyanogenMod. Mwezi wa tisa mwaka 2009 Google wakamwandikia barua: Android ni ya wote, lakini Gmail, Ramani na soko la programu ni vyetu, usivigawe. Kuanzia hapo romu zikawa zinatolewa bila vitu vya Google, na mtumiaji anaviweka mwenyewe kwa faili la pembeni. Hii habari dogo hakuisoma. Aliijua kwa njia ngumu.

Faili lenyewe lilikuwa karibu MB 100. Nyumbani kwao mtandao ulikuwa ule wa herufi E juu ya kioo, na ile E wazee wa tachi wanajua ilimaanisha nini: endelea kusubiri. Kwa hiyo akatembea hadi mjini, akakaa kafe, faili likafika asilimia 80 likakatika, akaanza upya kesho yake. Siku ya tatu likaingia zima. Umeme kwao ulikuwa bado, simu inachajiwa dukani kwenye sola kwa shilingi 300, na sheria ya kuflashi ni kwamba usianze kama betri haijavuka nusu, maana simu ikizimika katikati inakuwa tofali. Akalipa mara mbili, asubuhi na jioni. Usiku akajifungia.

CyanogenMod 7 ikaanza kuingia. Simu ikajizima, ikawaka, ikaganda kwenye nembo. Dakika tatu. Dakika tano. Mara ya kwanza baada ya kuflashi simu hukawia hivyo, ni kawaida, inajipanga, ila hakuna aliyemwambia. Alipoanza kutubu dhambi za tangu darasa la tano ndipo ikafunguka, nyepesi, safi, Android 2.3 kwenye simu ambayo kiwandani iliambiwa itakufa na 2.2. Akazunguka nayo chumbani. Halafu akatafuta soko la programu. Halipo. Gmail haipo. Amehamia nyumba mpya haina mlango wa kutokea dukani. Kesho yake tena, mjini, kutafuta lile faili la pembeni. Barua ya Google ya mwaka 2009 imemfikia Nambis.

Umaarufu haukuletwa na hilo, lakini. Tuseme ukweli, pale kijijini hakuna aliyejali kama ni 2.2 au 2.3. Kilichowaua watu ni ile picha ya simu inapowaka. Dogo aligundua kwamba picha hizo ni faili tu, zimepangwa moja baada ya nyingine kama kurasa za kitabu, ukizibadilisha simu inawaka na chochote unachotaka. Akaweka jina lake linatokea herufi moja moja. Rafiki akaiona. Wiki ile ile wakaja watu saba.

Na hapa mtu anajifunza watu wanataka nini hasa. Hakuna aliyeomba simu iwe na kasi. Dereva wa bodaboda alitaka jina la mpenzi wake, na baada ya mwezi akarudi litolewe, haraka, kabla ya Jumapili. Mzee mmoja wa ng'ombe alitaka picha ya dume lake. Si ng'ombe wa mtandaoni, dume lake, kwa hiyo dogo akaenda hadi zizini na kupiga picha, dume likakataa kusimama, kazi ikachukua nusu siku. Dalali wa mnadani alitaka mlio wa simu uongezwe mpaka uzidi kelele za mnada. Dogo akaingia kwenye ile menyu ya siri ya mafundi, akapandisha namba za sauti hadi mwisho. Simu ikalia kama king'ora siku nne, ya tano spika ikapasuka. Dalali hajakubali mpaka leo kwamba ni yeye aliyetaka.

Mtu anaweza kusema hii ni michezo ya watoto. Lakini simu ilikuwa kitu cha kwanza cha gharama ambacho vijana wengi wa pale walimiliki peke yao. Shamba la baba, ng'ombe wa ukoo, baiskeli inagombaniwa na ndugu watatu. Simu ni yako. Sasa kitu ambacho ni chako kweli kinawaka na nembo ya kampuni ya watu usiowajua, kina rangi waliyochagua wao, kina vitu ndani usivyoweza kutoa. Kuandika jina lako hapo kulikuwa na maana kuliko inavyoonekana ukiwa umekaa Sinza.

Kufika 2013, 2014, simu zikabadilika. Tecno na itel zikamiminika, nyingi zina chipu ya MediaTek, na hizo zina mtindo wake wa kuflashi. Unahitaji kompyuta, waya wa USB na programu inayoitwa SP Flash Tool. Unatoa betri, unachomeka waya, unaona mstari mwekundu unapita, halafu wa njano, halafu ukibahatika duara la kijani katikati ya kioo. Lile duara la kijani ndilo mafundi wa Afrika Mashariki wote wanalolipenda kuliko bendera. Dogo akanunua laptopu iliyochoka, akapata kibanda karibu na duka lenye umeme, akaandika FUNDI SIMU kwa rangi iliyobaki ya mlango wa kanisa. Kuflashi shilingi 10,000.

Kwenye hiyo programu kuna sehemu ya kuchagua namna ya kuandika. Njia moja inafuta kila kitu kabla ya kuweka kipya. Ni rahisi, haina maswali, inatibu simu tisa kati ya kumi, na fundi mwenye foleni ndiyo anayoitumia. Dogo naye alikuwa na foleni.

Akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mwenye mtoto mdogo. Simu imeganda. Dogo akasema njoo saa kumi. Saa kumi simu inawaka vizuri, safi kama imetoka dukani. Mwalimu akaifungua, akaingia kwenye picha, akatoka, akaingia tena.

"Picha za mtoto ziko wapi?"

Dogo akamweleza kwamba kuflashi kunafuta.

"Zote? Tangu anazaliwa?"

"Zote, mwalimu."

Hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Akafungua pochi, akahesabu elfu kumi, akaiweka mezani, akaenda zake. Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni, amelala. Dogo alikaa na ile elfu kumi siku nzima bila kuichenji. Jioni akachukua mkaa akaandika ukutani: KUFLASHI KUNAFUTA. UMEHIFADHI VITU VYAKO?

Kilichokuwa kinamsumbua si kwamba hakujua. Alijua. Ila maneno "kuflashi kunafuta" ni maneno ya fundi. Mtu wa kawaida akisikia simu itasafishwa anaelewa itafutwa vumbi. Na hata angeelewa, ahifadhi wapi? Hana kompyuta, hana bando, kadi ni ya GB 2 na imejaa nyimbo za kaka yake. Mjini watu wanakwambia "si ungeweka bekapu" kana kwamba bekapu inauzwa dukani kwa Mangi.

Halafu ikaja 2016. Usiku wa Juni 16 TCRA wakazima simu feki nchi nzima, kama Kenya walivyofanya mwishoni mwa Septemba 2012. Mnakumbuka ile purukushani: bonyeza *#06#, chukua zile tarakimu 15, tuma kwenda 15090, subiri hukumu. Kibandani kwa dogo watu walijipanga kama wanasubiri mbolea ya ruzuku. Sasa kuna jambo ambalo wengi hawakulijua. Ile njia ya kufuta kila kitu ilikuwa na tabia ya kufuta hadi IMEI ya simu halali, kwa hiyo kulikuwa na watu walionunua simu halali kwa risiti, wakaenda kwa fundi asiye makini, wakarudi na simu isiyo na utambulisho. Ya namna hiyo dogo aliirudishia namba yake, ile ile iliyobandikwa chini ya betri. Lakini wakaja pia wenye feki, wanataka wapachikiwe namba ya simu nyingine. Hilo ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na dogo aliogopa jela kuliko njaa. Wakaenda kwa wengine. Kibanda kikapoa, na kikapoa kweli.

Mwaka uliofuata, kipindi cha kupalilia, bibi mmoja akaja na mjukuu wake. Wametembea. Bibi amejifunga shuka mbili kwa ajili ya baridi, na simu ameifunga kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko wa rambo, mfuko ndani ya kikapu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayefufua?"

"Nafufua simu tu, bibi."

Simu ni Tecno ya miaka mitatu minne nyuma, ya mume wake. Babu alifariki baada ya mavuno. Simu ikiwashwa inaishia kwenye nembo, inazima, inawaka, nembo tena. Mjukuu akaeleza kwamba wameshapita kwa mafundi wawili mjini, wote wamesema ipigwe flashi. Bibi akamkatisha. Hakuja kwa ajili ya simu, akasema. Simu kama ni mbovu itupwe. Ndani kuna sauti.

Hapa inabidi kueleza kidogo. Wairaqw wana kitu kinaitwa slufay. Ni maombi marefu ambayo mzee anayatoa mbele ya watu waliokusanyika, anaomba mvua, amani, uzazi, ng'ombe, anabariki walio hapo na wasiokuwepo, na watu wote wanamwitikia kwa pamoja kila anapofika mahali pa kuitikiwa. Si kila mzee anaweza. Ni maneno yaliyopangwa kwa ufundi, mengine vijana wa leo hata hawayaelewi vizuri, na anayeyajua anaheshimika. Babu huyu alikuwa anaitwa kwenye shughuli za watu. Kwenye harusi ya mwisho aliyohudhuria, ya mtoto wa ndugu yake, mjukuu alichukua simu ya babu mwenyewe mfukoni mwake na kumrekodi.

"Kwenye kadi au kwenye simu?" dogo akauliza.

Mjukuu akainamisha kichwa. Kadi alikuwa ameiazima, aweke kwenye spika ya muziki. Kwa hiyo ndani ya simu.

Dogo akaangalia ukuta wake. Akamwambia bibi: kuna njia ya haraka, sifanyi. Niachie. Bibi akasema haachi. Dogo akaeleza kwamba faili la simu hii ni kubwa, lazima liwe la aina hii hii hasa, akiweka la nduguye simu inaweza isiwake tena milele, na kulipata ni siku kadhaa. Bibi akafikiri. Akaacha simu, akabeba betri. Ujanja huo haukumsaidia kitu, betri ya Tecno ziko tele, lakini dogo hakumwambia.

Alianza na dawa nyepesi, kufuta makapi ya muda bila kugusa vitu vya mtu. Haikusaidia. Usiku nne akashusha faili, mjini, kwa bando la usiku, kwenye laptopu iliyokuwa inachemka kama sufuria. Alipolifungua kwenye SP Flash Tool likajipanga kwa majina, kila moja na kisanduku chake cha kuweka tiki: PRELOADER, UBOOT, BOOTIMG, RECOVERY, LOGO, ANDROID, CACHE, na mwisho kabisa USRDATA. Ile ya mwisho ndiyo wewe. Programu zako, meseji zako, namba zako. Fundi mwenye foleni anaweka tiki zote na kubonyeza. Dogo akazitoa zote. Akarudisha mbili tu, BOOTIMG na ANDROID, yaani injini na nyumba yenyewe, vyombo vya mtu asiviguse. Akachagua njia ya kuandika bila kufuta. Akahakikisha. Akatoka nje akaangalia mawingu, akarudi akahakikisha tena. Kama umeme ungekatika hapo katikati, laptopu ile betri yake ilikuwa pambo tu.

Kwa wanaoshangaa mbona kazi ndogo hivyo: ni ndogo. Ni visanduku tu. Na ni kazi ambayo leo kwenye simu nyingi haiwezekani. Simu za sasa zina kufuli mlangoni tangu kiwandani, na ukikubaliwa kulifungua, simu kwanza inajifuta yenyewe vyote vilivyomo, kwa usalama wako. CyanogenMod yenyewe ilifungwa mwishoni mwa 2016, wanaoiendeleza wanaiita LineageOS, na simu ina GB 64, nani anahangaika tena na Link2SD. Usalama ni jambo jema, mwizi akiiba simu yako hapati kitu. Ila na mjane naye hapati.

Bibi alikuja siku ya tano asubuhi, na betri mkononi. Duara la kijani lilikuwa limeshatokea usiku, lakini dogo hakuwa ameiwasha. Alisema baadaye alitaka kama ni mbaya awe na mwenyewe. Betri ikaingia. Nembo. Mjukuu akaanza kuhesabu kwa sauti, bibi akamwambia anyamaze. Nembo bado. Kama dakika saba hivi. Halafu kioo kikafunguka na picha ya nyuma ikawa ng'ombe watatu na mguu wa babu, maana alipiga akiwa amekaa.

Kulikuwa na rekodi kumi na moja. Tisa ni nyimbo za redioni. Moja ni kelele za mfukoni, mtu anatembea. Ya mwisho ilikuwa ya dakika nne na sekunde kidogo. Dogo akaibonyeza akaiweka simu katikati ya meza, akarudi nyuma hatua moja.

Sauti ilikuwa ndogo, upepo unapiga, lakini mzee alikuwa anasikika. Alipofika mahali pa kuitikiwa watu wa kwenye simu wakaitikia, na bibi naye akaitikia, pale kibandani, kawaida tu, kama yuko harusini. Wanawake wawili waliokuwa wanachaji simu dukani wakasogea mlangoni. Mara ya pili na wao wakaitikia.

Kisha ikakatika. Katikati ya neno.

Bibi akasubiri. Dogo akashika simu, akaangalia, akajua mara moja. Haikuharibika. Siku ile ya harusi simu ya babu ilikuwa imejaa. Nyimbo tisa za redioni, WhatsApp za wajukuu, na kadi haipo. Rekoda ilifika mwisho wa nafasi ikasimama yenyewe, na mjukuu akaendelea kuinyoosha hewani mpaka mzee alipomaliza.

"Aliendelea," bibi akasema. "Hapo alikuwa anaingia kwa watoto."

"Nafasi ilijaa, bibi."

"Alisema sana hapo kwa watoto."

Mjukuu alikuwa ameshatoka nje.

Dogo akaihamisha ile rekodi kwenye laptopu, akaweka nakala kwenye kadi mpya ambayo hakuitoza hela, akaituma kwa Bluetooth kwenye simu za wale wanawake wawili kwa sababu waliiomba, na mmoja akaituma WhatsApp kwa mtoto wa bibi aliyeko Dar. Bibi akauliza ni kiasi gani. Dogo akasema hakuna. Bibi akasema hakuna kitu kisicho na kiasi, akatoa kikapuni swaumu, kama kilo mbili, akaziweka juu ya kibodi.

Wakati wanaondoka mjukuu akarudi mlangoni, macho mekundu, akauliza kwa sauti ya chini kama ile rekodi inaweza kuwekwa iwe mlio wa simu, ili bibi akipigiwa amsikie babu. Dogo akasema inawezekana, ni dakika moja.

Bibi alikuwa amesikia. "Hapana," akasema kutoka nje. "Ataanza kuomba halafu mimi nimkate ili niseme haloo?"